Manuwari na Riziki za Mombasa

Tangu kamati ya Bunge la Kenya ilipoanza, katika mwaka wa 2023, kuchunguza mwenendo wa kikosi cha mafunzo cha jeshi la Uingereza kilichoko Nanyuki, na hususan tangu Marekani ilipoitangaza Kenya, mwezi wa Juni 2024, kuwa mshirika wake mkubwa wa kijeshi aliye nje ya umoja wa NATO, nimekuwa nikisikia barazani na redioni hoja moja ikirejewa kwa kila namna, nayo ni kwamba kambi ya kijeshi ni neema kwa nchi inayoipokea, kwa kuwa huleta fedha, huajiri vijana na huchangamsha biashara. Wanaoitoa hoja hii hawasemi uongo. Mimi niliyezaliwa na kukulia Mombasa, mji ambao ni nadra kuwa bila ya majeshi ya mtu fulani tangu Mreno alipoanza kuijenga Fort Jesus mwaka wa 1593, nimeziona fedha hizo kwa macho yangu, na katika ujana wangu zilinilisha mimi na wazee wangu. Lakini niliona pia zilikokwenda, na maadamu jambo hili limerudi tena katika midomo ya wakubwa, naona ni wajibu kwa sisi tulioyashuhudia yale ya zamani kuyaeleza.

Marehemu baba yangu alikuwa kuli wa bandari ya Kilindini, na vita vikuu vya pili vilimkuta akiwa kijana mwenye nguvu zake. Mwezi wa Aprili 1942, baada ya ndege za Wajapani kushambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Seilani, manuwari za Waingereza zilizokuwa zikilinda Bahari ya Hindi zilihamishiwa Kilindini, na kwa ghafla mji wetu ukawa makao ya kundi zima la meli za vita. Shule ya Allidina Visram ikatwaliwa, na ndani yake wakawekwa mabingwa wa kufumbua maandishi ya siri ya jeshi la majini la Japani. Wenyeji hawakulijua hilo hata kidogo, ila walijua kwamba shule haikuwa shule tena. Baba alikuwa akisimulia kwamba kazi ilipatikana usiku na mchana, kwamba kuli hakuwa na haja ya kumbembeleza mnyapara ili apate kibarua, na kwamba watu wa tabaka lake hawakupata kuona fedha nyingi namna ile zikipita mikononi mwao. Walakini kila alipofika hapo katika hadithi yake alinyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Kazi ilikuwa tele, mwanangu, na njaa nayo ilikuwa tele."

Alikuwa na maana ya dhahiri kabisa. Chumba kimoja cha mtaa wa Majengo, katika zile nyumba zetu za ukumbi mmoja na vyumba pande mbili, kilikodishwa kwa watu wa zamu ya mchana na watu wa zamu ya usiku, wakipokezana kitanda ambacho hakikupata kupoa; unga na mchele vilipanda bei kwa kuwa walaji walikuwa wameongezeka ilhali mashamba yalikuwa yale yale; na ujira wa kuli, uliowekwa na makampuni, haukuweza kuzifuata bei zilizowekwa na soko. Mwenye nyumba na mwenye duka ndio waliofaidika. Vita vikaisha, manuwari zikaondoka, bei zisiondoke. Ndipo mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoacha kazi kwa pamoja, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, hata serikali ikalazimika kuunda baraza la kusikiliza madai yao na kuwaongezea mishahara. Vitabu vya tarihi huukumbuka mgomo ule kwa jina la Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi wa Kiafrika lililozaliwa humo. Baba yangu aliukumbuka kwa bei ya kibaba cha unga, na kwake yeye vita na mgomo vilikuwa hadithi moja.

Mwaka huo huo, Waingereza waliokuwa wakitoka Bara Hindi, na ambao hawakuwa na yakini tena ya kukaa Misri, walianza kujenga ghala kubwa mno la vifaa vya jeshi katika nyika ya Mackinnon Road, kando ya reli, mwendo usiofika kilomita 100 kutoka Mombasa. Ami yangu, fundi seremala aliyekuwa na sifa ya kuchonga fremu za milango, aliwaaga wateja wake akaenda huko, kwa sababu malipo yalikuwa mema na watu waliambiwa kwamba kazi ile ingedumu maisha ya mtu. Haikudumu hata miaka minne. Fikira za wakubwa wa London zilibadilika, ujenzi ukasimamishwa, na katika siku za hali ya hatari mahali pale pakatumika kuwa kizuizi cha watu waliotiwa mbaroni kwa ajili ya Mau Mau. Nilipokuwa nikisafiri kwa basi kwenda bara nilikuwa nikiiona misingi ya saruji imelala vichakani, si mbali na msikiti wa Sayyid Baghali Shah, ambapo abiria Waislamu hushuka kuomba dua. Ami alirudi mjini akakuta wateja wake wamekwisha pata mafundi wengine, naye akamaliza umri wake akitengeneza viti vya watu wa mtaani. Kambi ya jeshi hujengwa na hufungwa kwa sababu za vita na siasa zinazotazamwa kutoka mbali, wala hakuna hesabu ya kiuchumi ya mwenyeji inayoingizwa katika shauri hilo. Kwa hiyo mtu anayeiacha kazi yake ya kudumu ili aifuate, ameikabidhi riziki yake kwa watu wasiomjua.

Mimi mwenyewe niliingia katika mambo haya kwa mlango mwingine. Baada ya mapinduzi ya Iran, na baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan mwishoni mwa 1979, Marekani ilitafuta mahali pa kupumzisha na kuhudumia meli zake katika Bahari ya Hindi, na katika mwaka wa 1980 ikafanya mikataba na Oman, Somalia na Kenya. Kwetu ilipewa ruhusa ya kutumia bandari ya Mombasa pamoja na viwanja vya ndege, nayo kwa upande wake ikagharimia kuchimbwa kwa kina cha mlango wa Kilindini ili meli zake kubwa zipate kupita. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, nikapata ukarani katika kampuni moja ya kupeleka vyakula na mahitaji melini, na hapo ndipo nilipojifunza kwa kalamu na daftari yale ambayo baba aliyajua kwa mabega yake.

Manuwari kubwa ya kubeba ndege huwa na watu kiasi cha 5,000, na mtu anayeiona ikiingia husema kwa haki kwamba mji umepata wageni. Karani aliyeshika orodha ya manunuzi huona mambo kwa jicho jingine. Nyama, unga, maziwa, kahawa, hata sabuni, vyote vilikuwamo katika meli ya akiba iliyotoka kwao. Kwetu walitaka mboga na matunda, na hayo kwa sharti. Nakumbuka lori lililotoka Wundanyi, katika milima ya Taita, likiwa limepakia kabeji na nyanya zilizovunwa alasiri ya jana yake, na mkulima mwenyewe amekaa juu ya makreti ili yasikwaruzane. Mkaguzi aliichukua kabeji moja, akaipasua kwa kisu kirefu, akafunua majani ya ndani kwa ncha ya kisu, akaona kiwavi mmoja wa kijani asiyezidi punje ya mchele, akatikisa kichwa. Shehena nzima ikarudishwa. Yule mzee hakusema neno. Alizipanga upya kabeji zake, akazifunika kwa gunia lililoloweshwa maji, lori likaelekea soko la Marikiti, ambako wachuuzi waliokwisha pata habari walimngoja na bei ya kumuumiza. Shehena iliyokubaliwa siku ile ilikuwa ya mkulima mkubwa wa bara, mwenye ghala la baridi na cheti cha dawa.

Sikumchukia yule mkaguzi, kwa kuwa alikuwa na amana ya afya za watu wake. Lakini nilijiuliza, na mpaka leo najiuliza, kwa nini katika miaka yote ile hapakupelekwa Taita bwana shamba mmoja wa kuwafundisha wakulima masharti ya soko lile, wala hapakujengwa ghala moja la baridi la ushirika wao, ilhali serikali ilikuwa imekaa meza moja na Wamarekani na kutia sahihi. Fedha za manuwari zilituangukia kama mvua juu ya paa letu la makuti, na pipa la kukinga maji lilikuwa chini ya paa la mtu mwingine.

Mjini nako mambo yalikuwa na sura mbili. Siku ambazo mabaharia waliruhusiwa kushuka, barabara ya Moi, ile iliyokuwa ikiitwa Kilindini, ilijaa tangu kwenye tao la pembe za ndovu mpaka karibu na lango la bandari. Wakamba wauza vinyago waliuza kwa siku moja walichozoea kuuza kwa mwezi. Nao, niseme kwa kupita, ni watu ambao sanaa yao yenyewe ilitoka jeshini, kwani Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji wa kuuza alipokuwa Tanganyika katika vita vya kwanza vya dunia, akaurudisha kijijini kwake, ukawa kazi ya maelfu. Watu wa teksi walisahau bei zao za kawaida. Mama yangu naye alirudi sokoni na kikapu chepesi, akasema mwuza samaki amemwambia, "Leo changu wamekwenda mahotelini, mama, chukua papa." Mshahara wangu wa ukarani, uliotokana na meli zile zile, haukutosha kumrejeshea mama samaki aliyempoteza kwa ajili ya meli hizo.

Na dola zenyewe ziliingia wapi? Wakati ule sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ilikuwa kali, wala haikulegezwa mpaka miaka ya 1990, na tofauti ya bei ya benki na bei ya uchochoroni ilikuwa kubwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dola za mabaharia haikuuona mlango wa benki. Zilibadilishwa vichochoroni, zikanunua bidhaa za magendo, zikatoka nchini kwa njia zile zile za siri. Fauka ya hayo, ni desturi ya mikataba ya namna hii kuyasamehe majeshi ushuru wa vitu vyao. Serikali iliyotazamia fedha za kigeni ikapata jina tu la kuwa nazo.

Nasita kuyaandika yanayofuata, lakini hesabu isiyoyataja haitakuwa ya insafu. Jirani yetu mmoja alikuwa binti aliyetoka bara, mpole, mwenye heshima kwa mama yangu kupita wengi wetu tuliozaliwa pale. Alifanya kazi katika baa, na kila manuwari ilipokuja alipata fedha za kuwalipia ndugu zake karo. Nilimwandikia mimi mwenyewe barua za kupeleka fedha hizo shuleni. Ukimwi ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1984, na mwanzoni mwa 1987 jeshi la Uingereza likawakataza askari wake kwenda kupumzika pwani kwetu kwa kuuogopa. Askari waliweza kukatazwa wakaokoka. Yule binti hakuwa na wa kumkataza, wala hakuwa na riziki nyingine. Aliugua, akarudishwa kwao, na habari za kifo chake tulizipata kwa mdogo wake, aliyekuwa amekwisha kuwa mwalimu. Gharama ya maradhi yake haikuingia katika daftari la mtu yeyote. Na kabla ya hapo, mwaka wa 1980, baharia wa Kimarekani aliyepatikana na hatia ya kumwua mwanamke mmoja wa Mombasa aliachiliwa kwa dhamana ya shilingi 500 na ahadi ya kuwa na mwenendo mwema kwa miaka miwili. Nchi ililia kwa aibu. Nchi inapohesabu faida za urafiki wa kijeshi, basi na iyaandike hayo pia, kwa tarakimu zile zile.

Kisha ikaja mwaka wa 1992. Mwezi wa Agosti ndege za Marekani zilianza kubeba chakula cha kuwaokoa Wasomali wenye njaa kutoka uwanja wetu wa ndege, na mwisho wa mwaka majeshi yakaingia Somalia yenyewe. Vyumba vya hoteli vilijaa, magari ya kukodi hayakupatikana, na rafiki yangu mmoja, mtu mwerevu wa biashara, akaweka rehani nyumba ya urithi ili anunue mabasi madogo ya kuwakodisha wageni. Kwa miezi kadhaa alipata fedha ambazo hakupata kuziota. Mwezi wa Machi 1994 Wamarekani walikuwa wamekwisha ondoka Somalia, na mabasi yake yalisimama uani yakiota kutu ya chumvi huku riba ikiendelea kutembea. Nyumba iliuzwa kwa mnada, na wenye kupiga mnada walikuwa watu tuliokuwa tukisali nao. Nilimsikia akilaumiwa kwa tamaa, na lawama hiyo niliikataa tangu siku ile. Kwani benki iliyomkopesha na serikali iliyoshangilia neema hiyo ndizo zilizokuwa na njia ya kujua kwamba jambo lile lilikuwa la msimu.

Mtu asije akadhani ninasema kwamba kambi haiachi kitu chema kamwe. Kina cha mlango wa Kilindini kilibaki, na meli za biashara zikakitumia. Na iko Kahawa, nje kidogo ya Nairobi, ambapo Waingereza walijenga kambi kubwa iliyoitwa Templer Barracks, kisha baada ya uhuru ikakabidhiwa serikali ya Kenya, nayo serikali, kwa busara ninayoisifu mpaka leo, ikaifanya Chuo cha Kenyatta mwaka wa 1965. Mpwa wangu alisoma hapo kilipokwisha kuwa chuo kikuu. Nilipomtembelea alinionyesha majengo ya zamani, imara, yenye madirisha mapana, akaniambia kwamba walikuwa wakisomea humo ualimu wa historia. Nilisimama pale nikafikiri juu ya misingi ya Mackinnon Road. Wajenzi walikuwa wale wale, na zama zilikaribiana, lakini huku palikuwa na serikali ya wananchi iliyotaka kitu na kujua ni kitu gani.

Nanyuki, huko Laikipia, nimefika baada ya maradhi ya Korona, kumtazama binti yangu aliyeolewa huko. Mazoezi ya Waingereza yalikuwa yamesimamishwa mwaka wa 2020, na vibanda vingi vya wauza mapambo vilikuwa bado vimefungwa, ilhali kambi mpya ya Nyati, iliyofunguliwa 2021 kwa gharama ya pauni milioni 70, ilikuwa imesimama kwa fahari yake. Watu wa mjini niliozungumza nao waliomba askari warudi, na kwa upande wao walikuwa na haki. Lakini mkwe wangu alinikutanisha na mfugaji mmoja mzee kutoka upande wa Dol Dol, ambaye hakupata kumwuzia askari hata kikombe cha maziwa. Alinieleza habari za mabomu yaliyoachwa malishoni, yaliyowaua na kuwalemaza watoto wachungaji, hata Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ikakubali mwaka wa 2002 kuwalipa Wamasai na Wasamburu zaidi ya 200 jumla ya pauni milioni 4.5. Kisha akanionyesha kwa fimbo upande wa Lolldaiga, ambako mazoezi ya Machi 2021 yaliwasha moto uliochoma maelfu ya ekari, na ambako zaidi ya watu 7,000 walikuja kudai fidia. Ndipo nilipofahamu kosa lililomo katika kule kusema kwamba kambi imeiingizia nchi kiasi hiki na kiasi hiki cha fedha. Anayepata ni mwenye hoteli wa Nanyuki. Anayelipa ni mchungaji wa Dol Dol. Na ukizijumlisha hesabu zao mahali pamoja, hasara ya mmoja hufichika ndani ya faida ya mwenziwe.

Jibuti, nchi ndogo kuliko baadhi ya mikoa yetu ya zamani, imejua angalau kupanga bei: mwaka wa 2014 Marekani ilikubali kuilipa dola milioni 63 kwa mwaka kwa ajili ya kambi ya Lemonnier, na Wachina nao wanalipa yao. Sisemi kwamba Wajibuti wametajirika, kwani vijana wao wengi hawana kazi. Nasema kwamba raia wa kule anaweza kuuliza dola milioni 63 zimekwenda wapi, kwa kuwa anaijua tarakimu ya kuulizia. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba tunafaidika.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu, na hasa wale wa pwani na wa Laikipia, wasiridhike na kuhesabu vibarua vya kufua na kupika. Mkataba wowote wa kambi uletwe mezani pamoja na hesabu yake: ijara ya ardhi ni kiasi gani, ushuru uliosamehewa ni kiasi gani, chakula gani kitanunuliwa kwa wakulima wa jimbo lenyewe na nani atakayewaandaa, fidia ya aliyeumizwa itatoka mfuko gani na kwa muda gani, na majengo yatakuwa mali ya nani siku askari watakapoondoka. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hiyo ipo. Wananchi na waidai kabla ya sahihi kutiwa, kwa maana baba yangu na ami yangu hawakuwa nayo.